Bangi, nyanya na siri ya chupa tatu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ni nyingi na wateja hawana subira. Leo naweka programu kando niongee juu ya maji na mbolea. Usiondoke bado! Ukifika mwisho utaona ni hadithi ileile tunayoijua sisi watu wa tarakilishi: programu huria upande mmja, programu za siri upande mwingine.

Mama yangu ana grinihausi ndogo kwetu Ngoliba, ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa. Misimu miwili mfululizo nyanya zake zimekufa kwa mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu hukaa udongoni, na ukishaingia kuutoa ni kazi. Tukaamua kujaribu haidroponiki, yaani kupanda bila udongo, mizizi ikilishwa kwa maji yaliyotiwa chumvi za mbolea. Binamu yangu anayeishi Marekani akasikia, akaja likizo na chupa tatu za "chakula cha mimea". Mama akaigeuza moja, akaona picha ya jani.

"Mwanangu, hii si bangi?"

Swali zuri. Hapa Kenya kupanda bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na mama hataki askari shambani kwake. Ndani ya chupa hamna bangi, ni mbolea tu. Lakini kwa nini mbolea ivae sura ya bangi? Na je, ina kitu ambacho nyanya za Ngoliba haziwezi kukipata kwingine? Nikaanza kuchimba.

Turudi 1699. Mwingereza John Woodward alikuza mnanaa ndani ya maji ya aina mbalimbali: ya mvua, ya mto Thames, na mengine yaliyochanganywa na udongo. Kadiri maji yalivyokuwa machafu, ndivyo mnanaa ulivyonawiri. Kumbe mmea hauishi kwa maji matupu, unakula kilichomo. Miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walienda mbele zaidi: waliyeyusha chumvi zilizopimwa wakakuza mimea bila udongo kabisa. Lakini hiyo ilibaki kazi ya maabara.

Aliyeipeleka kwa watu ni William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1929 alichapisha makala akisema njia hii inaweza kuzalisha mazao ya kuuza. Nyanya zake zilirefuka hadi futi 25, magazeti yakashangilia, na 1937 akaitangaza kazi hiyo kwa jina haidroponiki. Barua zikamiminika: watu walitaka vipimo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Chuo kilikuwa kimemnyima grinihausi, hivyo majaribio aliyafanya nyumbani kwake. Chuo kilipodai vipimo, alikataa kuvitoa, akataka kwanza nafasi na muda wa kuviboresha. Mwishowe akaondoka chuoni, na 1940 akatoa kitabu chake.

Mimi namwonea huruma kidogo. Nani kati yetu angefurahi kuandika programu usiku kwake, halafu mwajiri aje kuidai asubuhi?

Chuo kikawapa kazi hiyo Dennis Hoagland na Daniel Arnon. Mwaka 1938 wakatoa kijitabu kilichoeleza kila kitu: chumvi zipi, gramu ngapi, unachanganyaje. Wakasema pia ukweli usiouza magazeti, kwamba mavuno ya maji hayazidi yale ya udongo mzuri uliotunzwa. Hakuna muujiza. Toleo lililorekebishwa likatoka 1950, na hadi leo watafiti duniani kote hutumia "maji ya Hoagland". Vipimo vyenyewe kwa lita moja ni hivi: naitrojeni miligramu 210, potasiamu 235, kalisiamu 200, salfa 64, magnesiamu 48, fosforasi 31. Huo ndio msimbo wenyewe, uko wazi kwa kila mtu.

Sasa bangi inaingia wapi? Wakulima wa bangi Marekani walikuwa wakijificha ndani ya nyumba, chini ya taa. Walihitaji mbolea safi ya maji, na hawakuweza kumuuliza afisa wa kilimo. Wakajitokeza wauzaji wa kuwahudumia. Kampuni ya General Hydroponics, kwa mfano, ilianzishwa California 1976, na mbolea yake ya sehemu tatu ikapata umaarufu mkubwa. Serikali nayo ilijua wateja ni akina nani: Oktoba 1989 polisi wa dawa za kulevya walivamia maduka ya haidroponiki katika majimbo 46. Mnunuzi anayejificha haulizi maswali mengi, hulipa akaondoka. Basi chupa zikaongezeka: ya kukuza, ya kuchanua, ya kunenepesha maua.

Miaka ya karibuni, bangi ilipohalalishwa katika majimbo mengi, wanasayansi wakaweza kuzipima ahadi hizo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah State walichapisha matokeo: kuongeza fosforasi nyingi hakukuongeza mavuno ya bangi wala ubora wake. Nyingi ilitiririka tu na maji machafu.

Na kwa nini chupa tatu? Hapa hamna ujanja. Kalisiamu ikikutana na fosfeti au salfeti katika maji mazito, huganda na kutuama chini kama chokaa. Lazima zitenganishwe mpaka ziingie kwenye maji mengi.

Tukaziweka chupa za binamu kando, tukaenda agroveti Thika. Kwa lita 100 kipimo cha Hoagland ni potasiamu naitreti gramu 50.5, kalisiamu naitreti 118, magnesiamu salfeti 49 na MKP 13.6. Hizo ni chumvi za maabara. Kalisiamu naitreti ya mfuko wa dukani ina nguvu zaidi, kwa hiyo tulitumia gramu 105, tukaiyeyusha kwenye ndoo yake peke yake.

Wiki ya tatu majani machanga yakageuka njano, mishipa ikabaki kijani. Kosa langu! Nilisahau chuma na virutubishi vingine vidogo: boroni, manganisi, zinki, shaba, molibdeni. Vinahitajika kidogo mno, lakini vikikosekana mmea unakwama, kama programu iliyokosa faili moja dogo. Tulipotia chuma, majani mapya yakatoka kijani.

Nyanya sasa zimetoa maua. Sijui kama zitashinda zile za udongoni za jirani, na Hoagland angesema nisitegemee hivyo. Ninachojua ni kwamba mama ana karatasi yenye vipimo, ameibandika mlangoni mwa grinihausi, na wiki jana mwanamke mmoja wa kikundi chao alikuja kuinakili.

Ukitaka kununua chupa, soma kwanza nyuma yake. Linganisha tarakimu na zile sita hapo juu, kisha uliza bei ya chumvi zenyewe. Mpaka wakati mwingine, kwaherini!