Jezi Namba 16



Wapendwa waamini, kila Novemba tunapowaandika marehemu wetu ili waombewe katika Misa Takatifu, wapo wanaouliza kimoyomoyo: aliyekufa si amekwisha kuondoka? Juma hili tumeona vema kulitazama swali hilo kupitia historia ya timu ya taifa ya wanaume ya Poland katika mpira wa wavu, mchezo ambao kila aliyepita seminari anaufahamu, hata kama hakuuweza.

Mchezo huo uliobuniwa Marekani mwaka 1895 uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964. Mwaka 1973 timu ya Poland ilikabidhiwa kwa Hubert Wagner, kocha aliyewazidi umri kidogo tu baadhi ya wachezaji wake. Mazoezi yake yalikuwa makali hata akapewa jina la Mnyongaji. Mwaka 1974, huko Mexico, vijana wake wakawa mabingwa wa dunia. Kabla ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 alitamka wazi kwamba hataki medali nyingine ila ya dhahabu. Maneno ya majivuno, tungesema, kama yasingetimia.

Fainali ilikuwa dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Enzi hizo timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi, hivyo seti moja iliweza kuwachosha watu hasa. Poland ilipoteza seti ya kwanza 11–15, ikashinda ya pili 15–13, ikapoteza ya tatu 12–15. Katika seti ya nne Wasovieti walifika mahali pa kuhitaji pointi moja tu, wasiipate. Poland ikashinda 19–17, kisha ya tano 15–7. Ushindi huo ulimaanisha nini kwa taifa lililoishi chini ya kivuli cha Moscow, hatuna haja ya kueleza.

Baada ya hapo ulikuja ukame. Katika mashindano ya Ulaya ya miaka ya 1975, 1977, 1979, 1981 na 1983, Poland ilimaliza ya pili, kila mara nyuma ya Wasovieti walewale. Halafu hata nafasi hiyo ikapotea kwa miaka mingi.

Kizazi kipya kilipoanza kuchipua, alikuwamo Arkadiusz Gołaś, mchezaji wa kati aliyeshiriki Olimpiki ya Athene mwaka 2004. Tarehe 16 Septemba 2005, akiwa safarini kwenda Italia kujiunga na klabu yake mpya, alifariki katika ajali ya barabarani nchini Austria. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka uliofuata wenzake walikwenda Japani kuwania ubingwa wa dunia, chini ya kocha Raúl Lozano wa Argentina. Walishinda kila mechi hadi fainali. Dhidi ya Urusi walikuwa nyuma kwa seti mbili, wakainuka na kushinda 3–2. Katika fainali Brazil iliwashinda 3–0. Ulipofika wakati wa kuvishwa medali za fedha, walipanda jukwaani wote wakiwa wamevaa jezi namba 16, yenye jina la Gołaś mgongoni.

Hatutaki kuigeuza jezi kuwa sala, haikuwa sala. Hata hivyo, watu wale hawakusema kwamba mwenzao *alikuwa* wa timu yao. Walimhesabu siku ile ya medali, kama sisi tunavyowahesabu wetu katika Sala ya Ekaristi, kabla ya Komunyo.

Tarehe 21 Septemba 2014, mjini Katowice, Poland ilikutana tena na Brazil katika fainali ya dunia, ikashinda 3–1. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu ubingwa wa Mexico. Miongoni mwa waliopokea dhahabu walikuwapo Paweł Zagumny, Michał Winiarski na Mariusz Wlazły, ambao huko Japani walikuwa wamevaa jezi ya marehemu.