Intaneti isiyo na waya ikikatika nyumbani: Chanzo na tiba

MWENYE nyumba anayeketi kujaza fomu za ushuru usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha taarifa zao kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA), hana muda wa kumtafuta fundi. Kipakatalishi chake kikikataa kuingia kwenye intaneti saa hiyo, hukabiliwa na faini. Hata hivyo, hitilafu nyingi za aina hii hurekebishwa nyumbani bila gharama, mradi mtu ajue mahali pa kuanzia.

Hadi mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na nchi za nje kupitia intaneti. Mwaka huo, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Siku hizi, nyumba katika miji ya Kitale na Bungoma na viunga vyake zaweza kupata intaneti kwa waya wa nuru unaoingia hadi ndani, kwa ruta inayotumia laini ya simu, au kwa simu ya mkononi inayogawia kipakatalishi data yake.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba safari ni mbili. Kuna safari ya kutoka kipakatalishi hadi kwenye ruta, na nyingine ya kutoka ruta hadi kwa kampuni inayouza huduma. Vijistari vya Wi-Fi kwenye skrini huonyesha safari ya kwanza pekee. Ndiyo maana vyaweza kujaa ilhali hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Ili kubainisha safari iliyokatika, chukua simu, zima data yake, kisha uiunganishe na Wi-Fi iyo hiyo. Simu ikifungua kurasa, kasoro imo katika kipakatalishi. Ikishindwa pia, kasoro iko kwenye ruta au nje ya nyumba.

Ikiwa kasoro iko nje, chunguza kwanza iwapo malipo ya mwezi au bando la data limekwisha. Kisha tazama taa za ruta. Katika huduma ya waya wa nuru, taa nyekundu yenye herufi LOS humaanisha kwamba nuru haifiki, pengine kwa sababu waya umekatika au umekunjwa kupita kiasi. Hapo dawa ni kuipigia simu kampuni husika.

Taa zikiwa sawa, zima ruta, ngoja nusu dakika, uiwashe, kisha uipe dakika chache kabla ya kuijaribu tena. Hatua hii husaidia hasa baada ya stima kupotea na kurudi ghafla.

Kasoro ikiwa katika kipakatalishi, hakikisha Wi-Fi haijazimwa. Baadhi ya mashine zina swichi ubavuni, nyingine hutumia kitufe chenye picha ya mnara au ndege, na ni rahisi kukibonyeza bila kujua. Kisha agiza mashine isahau mtandao huo, uuchague upya na kuandika nywila kwa makini, ukitofautisha herufi kubwa na ndogo.

Katika Windows, andika amri ya ipconfig kwenye dirisha la amri. Anwani inayoanza na 169.254 ni ishara kwamba mashine haikupewa anwani na ruta. Zima na uwashe vyote viwili. Anwani ikiwa sawa lakini kurasa hazifunguki, huenda hitilafu iko kwenye huduma ya kutafsiri majina ya tovuti. Jaribu kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika sehemu ya DNS.

Vipakatalishi vilivyotumika kwa miaka mingi vina ugonjwa mwingine: betri ndogo ya saa hufa na tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Tovuti salama, zikiwemo za benki na serikali, hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana batili. Kurekebisha tarehe hutosha kwa muda, lakini betri hiyo sharti ibadilishwe.

Aidha, mashine nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta au simu ikirusha gigahezi 5 tu, jina la mtandao halitaonekana kabisa. Masafa ya 5 huwa na kasi zaidi, lakini yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vyema zaidi.

Programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi ikiharibika, unganisha simu na kipakatalishi kwa waya wa USB, uruhusu simu igawe intaneti, kisha upakue programu hiyo upya.

Mahali pa kuweka ruta pia ni muhimu. Mabati hurudisha mawimbi ya redio nyuma, na kuta nene za matofali huyadhoofisha. Kijana anayesomea katika nyumba yake ndogo pembeni mwa boma asishangae kukosa mtandao ikiwa ruta imefichwa nyuma ya runinga katika nyumba kubwa. Iweke juu, katikati ya nyumba. Ruta ya laini ya simu ikae karibu na dirisha linaloelekea mlingoti.

Hatari kubwa zaidi katika eneo hili ni radi, kwani mvua za alasiri magharibi mwa Kenya huandamana na ngurumo. Waya wa nuru ni wa kioo na haupitishi umeme, ila kebo ya stima ya ruta huupitisha. Mawingu yakianza kutanda, chomoa ruta na chaja ya kipakatalishi ukutani.

Mwisho, intaneti inayokwenda kwa kusuasua huenda inatumiwa na majirani. Badilisha nywila na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa kale wa WEP huvunjwa kwa urahisi.

Yote yakishindikana, andika saa na siku ambazo huduma ilikatika, uwasilishe malalamiko kwa kampuni. Isipotoa suluhu, mteja ana haki ya kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA).