Maji ya chini katika Ghuba ya Kabuno

Mwezi Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, wakaaji wa Goma waliambiwa waondoke, na wengi walikimbilia Sake, hapa kwetu Masisi. Sababu moja ya hofu ilikuwa gesi iliyo chini ya Ziwa Kivu. Lakini Sake iko karibu na Ghuba ya Kabuno, na humo gesi iko karibu zaidi na uso wa maji kuliko kwingine ziwani.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Samaki wanaishi juu tu, hata sambaza walioletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959, kwa kuwa chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni. Huko kuna methani, na pia kaboni dioksidi inayotoka kwenye volkeno. Uzito wa maji ya juu huizuia isitoke, kama kifuniko cha soda. Kaboni dioksidi tunaijua hata nchi kavu: ndiyo mazuku, huua mbuzi na watu mabondeni, bila harufu. Kule Kameruni, Ziwa Nyos lilipoachilia gesi yake mwaka 1986, watu wapatao 1,700 walikufa.

Kabuno ni kama ziwa ndani ya ziwa. Mlango wake hauna kina kirefu, kwa hiyo maji yake ya chini hayachanganyiki na mengine, na oksijeni hukoma kwenye mita 10 hivi. Hapo watafiti walikuta bakteria wanaoishi kwa mwanga na chuma kilichoyeyuka majini, kama walivyoishi viumbe wa bahari za kale sana. Wavuvi wa Bweremana hupita juu yao usiku na taa zao bila kujua.

Kongo na Rwanda zilipatana mwaka 1975 kutumia methani kwa pamoja. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa mwaka 2016. Nasi tunautamani umeme, tusifiche. Ila maji yanayovutwa kutoka chini lazima yarudishwe kwenye kina kinachofaa. Yakimwagwa juu, yatavuruga matabaka na kudhuru sambaza, ambao wakikaushwa hupandishwa hata barabara ya Walikale. Basi wakija wataalamu kijijini na ramani zao, wazee wa kanisa waulize kwanza: maji hayo mtayarudisha mita ngapi?