Neno "Kwao" katika Nyumba za Ikola na Karema

Mgeni ashukaye Ikola, katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, haulizwi kwanza jina lake. Huulizwa, "Kwenu wapi?" Akiisha kujibu hilo, ndipo hupewa kiti, na mazungumzo huendelea, maana mwulizaji sasa ajua la kumfanyia: ni mtani wake, au ni shemeji wa jirani, au ni mtu wa kuangaliwa kwanza. Swali hili twalisikia kila mahali katika nchi yetu, wala hatulishangai. Lakini katika pwani hii lina historia yake, na historia hiyo ndiyo tuliyokusudia kuieleza, kwa kuwa waalimu na mapadre huandika ndoa na vizazi na vifo katika madaftari yao pasipo kufahamu kwa nini baadhi ya wazee walichelewa kulijibu.

Na tulitazame neno lenyewe kwanza. Mtu akisema "kwangu," ataja nyumba aliyoijenga. Akisema "kwetu," ataja mahali alipotoka, na neno hilo daima ni la watu wengi, hata msemaji akiwa peke yake duniani. Mke akigombana na mumewe haendi kwake, huenda kwao. Zamani, walipotaka kueleza hali ya mtumwa kwa maneno machache, walisema, "Hana kwao." Hawakusema kwamba hana mali, maana watumwa wengine walikuwa nayo, wala kwamba apigwa, maana si wote waliopigwa. Iko na methali, Mwacha asili ni mtumwa. Methali nyingi twazisifu, lakini hii twaiona kuwa na udhalimu kidogo ndani yake, kwa kuwa yamlaumu mtu kana kwamba ndiye mwenyewe aliyeacha. Watu tutakaowataja hawakuacha asili yao, walinyang'anywa.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilivuka ziwa kutoka Marungu na Manyema, ikapita Ujiji na Karema, ikashika njia ya Tabora mpaka bahari. Karema (wazee waliiita Kalema) iko kusini ya Ikola, si mbali. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma hapo kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Na mwaka 1885 boma likapewa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mapadre hao walikomboa watu, hasa watoto, kwa kuwalipia bidhaa, wakawalea, na walipokua wakawaoza wao kwa wao, wakawapa mashamba karibu na misheni. Hivyo ndivyo vilivyoanza vijiji ambavyo mume alitoka upande huu na mke upande ule. Lugha za utoto wao hazikusikilizana, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha jikoni na shambani.

Hapa twende polepole. Kwa Wabende, wenyeji wa vilima vilivyo nyuma ya pwani, na kwa jirani zao pia, ndoa si jambo la watu wawili. Koo mbili hukutana: mshenga hutumwa, mahari husemwa, wakwe huheshimiwa na kuogopwa. Je, katika ndoa ya mkombolewa na mkombolewa, nani alikuwa mkwe wa nani? Mlezi mmoja alisimama mahali pa baba wa mume na mahali pa baba wa mke, na mahari iliyotoka mkono wake ingalirudi mkono ule ule. Siku ya arusi furaha ilikuwapo, hatukatai. Ila taabu zilikuja baadaye, katika mambo madogo ya kila siku ambayo hayaandikwi na wasafiri. Mke aliyepigwa alirudi wapi? Mlango wa misheni ulikuwa wazi, lakini mlango huo ndio uliokuwa kwao mume pia. Mume aliyefiwa na mke hakuwa na mkwe wa kumpa pole, wala wa kumdai neno. Mzazi wa kwanza hakuwa na mama wa kumkanda. Alikandwa na jirani, ambaye naye hakuwa na mama.

Basi watu wa namna hii walifanya nini? Walijifanyia ndugu. Desturi za kufanya hivyo zilikuwapo tangu zamani, hawakuhitaji kuzibuni. Undugu wa kuchanjiana ulijulikana katika njia zote za misafara: wawili huchanjwa, kila mmoja huonja damu ya mwenziwe, na tangu hapo watoto wao huhesabiwa ndugu. Tena mtoto alipopewa jina la mtu aliye hai, mtu huyo akawa somo wake, na somo ana haki na wajibu. Mtu aliyewekwa huru pamoja nawe, siku moja, mbele ya mlango mmoja, aliweza kuwa zaidi ya ndugu wa tumbo. Hatuna budi kuwakumbusha wasomaji wetu jambo hili, kwa sababu mara nyingi mwalimu huuliza, "Huyu ni baba yako mdogo kweli?" na mtoto hajui kujibu, maana kweli ya mwalimu na kweli ya nyumba yao si moja.

Majina nayo yana habari. Katika makabila mengi mtoto hurithi jina la babu au la mhenga. Lakini mtu aliyetekwa akiwa na miaka mitano au sita, je, atalikumbuka jina la babu yake? Pengine alikumbuka jina la mbuzi wao. Tena katika nchi nzima yako majina ya Kiswahili yaliyo kama barua fupi: Tabu, Mashaka, Shida, Sikujua, na kwa upande wa pili Furaha, Bahati, Majaliwa. Masika alizaliwa mvua zikinyesha, Safari alizaliwa njiani. Mtoto aitwaye Mashaka mara nyingi ni mchangamfu kuliko wenzake, kwa maana jina si lake. Ni habari ya mwaka ule aliouona mama yake. Tuliwahi kuona daftari la shule moja ambamo jina Tabu lilikuwa limefutwa na jingine zuri kuandikwa juu yake. Aliyefuta alidhani anamtendea mtoto wema. Twaona alichana barua ya mama.

Yafaa tuseme pia jambo lisilopendeza. Watabwa, walioko ng'ambo ya ziwa kusini-magharibi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa mjomba wake, na baba hana nguvu nyingi juu yake. Katika desturi ya namna hiyo, mke aliyenunuliwa alikuwa na thamani ya peke yake. Hana kaka, basi watoto wake hawana mjomba wa kuwadai, na wote hubaki kwa baba. Mke huyo pengine alipendwa, pengine alivaa vizuri kuliko wenziwe. Bali furaha ya mume ilisimama juu ya upweke wa mke. Ndiyo sababu wanawake walishikwa sana, na ndiyo sababu kuachiliwa kwao kulichelewa kuliko kwa wanaume. Sheria ya Serikali ya Kiingereza ilifuta utumwa katika Tanganyika mwaka 1922. Sheria ile iliweza kumwambia mwanamke kwamba yu huru kwenda; haikuweza kumwambia aende wapi.

Mtu mmoja wa Karema ajulikana sana, nasi twamtaja kwa kuwa nyumba yake yaonyesha upande mwingine wa habari hii. Adrian Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, na Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta asome utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kijana wa miaka ishirini na kitu, tabibu na katekista. Akakaa hapo akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa kwa Kiingereza katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Watu husifu dawa zake na visu vyake, na kweli vyastahili sifa. Sisi twataka kutazama ndoa yake. Alimwoa Agnes, binti wa mwami wa Wabende. Fikirini maana yake. Mtu huyu alifika hana shangazi wala mjomba katika nchi hizi zote, na umbali wa kwao haukuweza kuhesabika kwa siku za safari. Siku ya ndoa akapata wakwe, akapata mashemeji, akapata watu wa kuondokea njia na watu wa kutaniana nao. Wakombolewa waliooana wao kwa wao walianza ukoo kwa mikono mitupu. Atiman aliingia katika ukoo uliokuwa umesimama tayari. Na mwami aliyekubali kumpa binti yake mtu aliyepata kuuzwa alifanya tendo ambalo watawala wengi wa zamani zake wasingalilifanya. Mwana wao Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Tumesikia jambo hilo likitajwa kama furaha tupu. Furaha ilikuwa, lakini mtu aliyepotezwa ukoo wake mzima tangu utoto, akamtoa mwanawe kwa maisha yasiyo na mke wala watoto, huyo alitoa kitu kikubwa kuliko baba mwingine, na twadhani alijua.

Kuna na Kapteni Joubert, Mfaransa, aliyekuwa akiwalinda watu wa Mpala, ng'ambo kukabili Karema. Alioa mwanamke wa nchi ile mwaka 1888, akafa huko huko mwaka 1927. Huyu kweli aliacha asili yake kwa hiari. Wala hatukusikia mtu akimtolea methali.

Turudi Ikola. Maisha ya nyumba hapa hufuata mwezi kuliko kalenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga, hapo kale wa mienge, baadaye wa taa za karabai. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hulala nyumbani. Siku hizo ndizo za kusema mambo ya mahari, za kupatanisha waliogombana, za baba kumjua mtoto wake mdogo ambaye kwa wiki mbili alimwona akilala tu. Mchana wake na watoto huanika dagaa juu ya mchanga, wakiangalia mawingu, kwa sababu mvua moja yaharibu kazi ya usiku mzima. Upepo ukichafuka usiku, hakuna mwanamke wa pwani alalaye; hukaa mlangoni, na asubuhi huhesabu mitumbwi kabla ya kuwasha moto.

Waholoholo wana jamaa pwani zote mbili, na mpaka waliouweka Wazungu katikati ya maji haukukata vilio vyao. Ila habari ya msiba ilitegemea mtumbwi, na mtumbwi ulitegemea upepo. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilianza kazi ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, ikaopolewa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilisimama mbele ya Ikola, mitumbwi ikaifuata kupakia na kupakua. Ilileta chumvi na nguo, ikaleta wakwe, ikaleta barua zilizosema mama amekwisha kuzikwa mwezi uliopita. Basi watu wakaa matanga bila maiti wala kaburi, wakalia kama aliyekufa amelala chumba cha pili.

Na katika msiba ndipo neno "kwao" huonekana wazi kuliko arusini. Mtani huja, hucheka wafiwa, humsema marehemu kwa uchoyo wake. Wengine hushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe kitu. Wageni huona jambo hilo ni utovu wa adabu, na tumepata kusikia hata padre akilikemea. Lakini mtani humtania mtu kwa ajili ya kabila lake na ukoo wake. Marehemu asiyejulikana kwao hana mtani, na maziko yake huwa kimya. Wazee waliotoka katika vijiji vya wakombolewa hawakuogopa kulia kwa watu. Waliogopa kaburi ambalo hapana mtu angethubutu kucheka kando yake.

Habari hii haikuisha pamoja na misafara. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbia mauaji nchini mwao; makazi ya Katumba yakawekwa karibu na Mpanda, na mwaka 1978 makazi ya Mishamo. Walipewa mashamba, nao wakafyeka miombo, wakaoana, wakazikana. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya laki moja na nusu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ukikutana na kijana wa Mishamo barabarani ukamwuliza kwao ni wapi, hujibu mara moja, "Mishamo." Bibi yake akiwa amekaa pembeni, yeye huchelewa kidogo.