«Charge»: neno moja la Kingereza lenye maana mingi

Mufanyabiashara anavuka Kasindi na kuingia Mpondwe. Mugonjwa wa Mahagi anatafuta matunzo upande wa Uganda. Mukimbizi wa Ituri anaishi kambini Kyangwali. Wote watatu wanakutana na neno «charge» kwenye karatasi za Kingereza. Kwa mutu aliyesoma Kifaransa, neno hilo ni kama la nyumbani. Lakini maana yake inaweza kugeuka, na asiyeielewa anaweza kupoteza makuta ao kuweka sahihi yake fasi mbaya.

Asili ya neno
Mwanzo wake ni neno la Kilatini lenye maana ya gari la kukokotwa. Wafaransa walipata humo «charger», ni kusema kupakia muzigo, kisha Waingereza wakaliazima. Muzigo ndio unaunganisha maana zote: bei ni muzigo wa mwenye kulipa, mashitaka ni muzigo wa mushitakiwa, umeme ni muzigo wa batri.

Malipo
Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Hapa Kongo, mugonjwa akipata «prise en charge», anafurahi, sababu kuna mwenye kumulipia. Kwa Kingereza, akiambiwa atakuwa «charged», ni yeye mwenyewe atalipa. «Free of charge» ni bure. Kwa makuta ya telefone, «withdrawal charges» ni ile inayokatwa wakati wa kutosha makuta. Tangu 2001, serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya, isipokuwa sehemu za kulipia ndani ya hospitali. Kwa hiyo mugonjwa akisikia neno «charge» katika kituo cha serikali, iko na haki ya kuuliza ni malipo ya nini.

Mashitaka
Kwenye polisi na tribinali, «charge» ni kosa ambalo mutu anashitakiwa. «Charge sheet» ni karatasi ya mashitaka, haiko fakture. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kwamba mwenye kukamatwa aelezwe mara moja, kwa luga anayoelewa, sababu ya kukamatwa kwake, na afikishwe mbele ya tribinali kabla ya saa 48 kupita. Kama haelewi luga ya tribinali, anapewa mutafsiri bila kulipa. Haki hiyo ni ya kila mutu, hata mugeni.

Mukubwa wa kazi
Mwenye kuwa «in charge» ndiye anasimamia fasi. Katika vituo vya afya vya Uganda, «the in-charge» ni mukubwa wa kituo. Mwenye shida na fakture anaweza kumuomba yeye.

Telefone na batri
Maana hii haisumbui mutu: ni kutia umeme. Lakini kuna mutego moja. Kwa Kifaransa, «chargeur» ni kile cha telefone na pia kile kinachobeba risasi za bunduki. Kwa Kingereza, «charger» haibebi risasi. Hiyo wanaiita «magazine».

Maana zingine
Waaskari «wanacharge» wakati wanarukia adui kwa mbio. Na «discharge» kwenye karatasi ya hospitali ni ruhusa ya kurudi nyumbani. Kwenye kidonda, ni maji ao usaha unaotoka.

Namna ya kutofautisha
Neno linalofuata ndilo linasaidia. «Charged» ikifuatwa na hesabu ya makuta, ni bei. «Charged with» ikifuatwa na jina la kosa, ni mashitaka. Kama mutu hajaelewa bado, swali moja linatosha kabla ya kuweka sahihi: ni kulipa, ao ni kushitakiwa?