Serikali si "siri kali": Asili ya neno hili ni Uajemi

Husikika mara kwa mara barazani, na hata maofisini, kwamba neno serikali limetokana na maneno mawili, siri na kali. Tafsiri hiyo husemwa kwa mzaha, lakini pia hutumiwa kumnyamazisha mwananchi anayeuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Wataalamu wa lugha wanaeleza asili iliyo tofauti kabisa.

Serikali ni neno la Kiajemi, sarkar, lililoundwa kwa sar, yaani kichwa, na kar, yaani kazi. Maana yake ya awali ni msimamizi wa kazi. Kutoka Uajemi lilienea Bara Hindi, ambako hadi leo wasemaji wa Kihindi, Kiurdu na Kibengali huita serikali sarkar. Kupitia mawasiliano ya Bahari ya Hindi likafika pwani ya Afrika Mashariki. Vitabu vya karne ya 19 viliandika serkali. Baadaye irabu i ikatiwa kati ya r na k, kama ilivyo desturi ya matamshi ya Kiswahili.

Mizizi yake ni mikongwe zaidi. Kiajemi ni tawi la familia ya Kihindi-Kiulaya. Mwaka 1786, akiwa Kolkata, William Jones alieleza kuwa Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vina chimbuko moja, akahisi kuwa Kiajemi nacho kimo. Lugha mama hiyo haikuandikwa; wataalamu huiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa nayo.

Ulinganisho huo waonyesha kuwa sauti moja ya k ya lugha mama iligeuka s katika Kiajemi, ikabaki k katika Kilatini na kuwa h katika Kijerumani. Kwa hiyo sar ni ndugu wa cerebrum ya Kilatini na Hirn ya Kijerumani, yote mawili yakimaanisha ubongo. Kar nayo ni ndugu wa karma ya Kisanskriti, yaani tendo.

Kiswahili chenyewe ni lugha ya Kibantu iliyoazima neno hilo. Kali ni neno la Kibantu, siri ni la Kiarabu, na hakuna hata moja lililoshiriki kuunda serikali.

Sheria nazo haziungi mkono dhana ya siri kali. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016.