Sauti za Wazee na Vyombo vya Kuzitunza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kwamba kila mmoja anayo kalamu na karatasi.

Leo tutazungumza habari za chombo kidogo sana. Vingine vyatosha juu ya ukucha wa kidole gumba, na vingine ni vikubwa kama stempu ya barua. Ni kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi wetu twaiita memori kadi. Imo ndani ya simu, na imo pia ndani ya kinasa sauti ambacho watu huenda nacho vijijini kunasa masimulizi ya wazee. Swali letu ni hili: sauti ya mzee ikiisha kuingia katika kadi hiyo, je, imesalimika?

Ili tujibu vema, yafaa tuanze mbali.

Kabla ya mashine

Mwezi wa Novemba mwaka 1861, Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Rumanyika, Mukama wa Karagwe. Speke aliandika kwa wino mambo aliyoyaona. Lakini habari za wafalme wa kale hakuziona kwa macho. Alizipata kwa kusikia. Hazikuwa katika kitabu cho chote. Zilikuwa katika vinywa vya watu.

Angalieni jambo moja. Habari hizo hazikuwekwa katika kinywa kimoja tu. Mzee mmoja akisahau, mwenziwe alimkumbusha. Mpiga nanga akifa, mwanafunzi wake alibaki akiimba. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1975, mwanahistoria Israel Katoke alitoa kitabu juu ya ufalme wa Karagwe. Habari za tangu mwaka 1400 hivi zilipatikana kwa sababu watu wengi walikuwa wamezishika na kuzipokezana.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Maneno hubadilika kidogo kila yanaposimuliwa, na sauti yenyewe ya msimulizi huzikwa pamoja naye.

Nta, utepe na kaseti

Mwaka 1877, Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuitoa tena. Baadaye mashine hizo zilitumia nta, iliyofanyizwa umbo la mkebe mdogo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikuwa na mashine ya namna hiyo kusini mwa Tanganyika, upande wa Lindi na Newala. Mwaka uliofuata, msafara wa Wajerumani ulianzia Bukoba ukaelekea Rwanda, na mmoja wa waliokuwamo katika msafara huo, Jan Czekanowski, alinasa nyimbo za Rwanda katika nta.

Lakini nta ina maadui. Jua huilainisha, na ukungu huila. Kila ukiisikiliza, sindano huikwangua kidogo. Basi watunzaji wa sauti kule Berlin walifanya nini? Walitengeneza kiolezo cha shaba, ili waweze kutoa nakala nyingine za nta. Kumbukeni neno hilo, nakala, maana tutalirudia.

Mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na Uganda akinasa ngoma na nyimbo za wenyeji. Wakati huo utepe wa sumaku ulikuwa umekwisha anza kutumika, na mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza. Utepe ulikuwa na faida kubwa, kwani uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Lakini faida hiyo ndiyo iliyokuwa hasara yake. Vituo vingi vya redio duniani vilifuta vipindi vya kale ili kupata utepe wa kunasia vipya. Hakuna mwizi aliyeingia. Wenye nyumba walifuta wenyewe.

Kisha ikaja kaseti, mwaka 1963. Wengi wenu mwaikumbuka. Utepe ukilegea, twauzungusha kwa kalamu. Nyuma ya kaseti palikuwa na vijino viwili. Ukivivunja, hakuna mtu awezaye kunasa juu ya wimbo wako. Ukibadili nia, waziba pale kwa karatasi.

Kadi na magonjwa yake

Mwaka 1984, mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, aliueleza ulimwengu juu ya kumbukumbu ya namna mpya. Haina utepe wala sindano, wala kitu cho chote kinachozunguka. Hutunza habari kwa chembe ndogo sana za umeme, hata betri ikitolewa. Mwaka 1999 ikatangazwa kadi iitwayo SD, nayo ndiyo iliyoenea katika vinasa sauti.

Watu walidhani sasa maradhi yamekwisha. Sivyo. Nitawasimulia kosa langu mwenyewe.

Nilikwenda kwa mzee mmoja, nje kidogo ya Rubwera, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80. Kwa muda wa saa mbili alinieleza jinsi alivyokwenda Uganda kwa miguu, akiwa kijana, kutafuta kazi. Alitaja mahali walipolala, chakula walichokula, na wenzake waliofia njiani. Alipokuwa akimalizia, betri ikaisha ghafula. Nilipoweka betri nyingine, chombo kikaandika kwamba kadi ina kasoro, kikaniuliza kama niifomati. Nikabonya ndiyo. Kisha akina mama waliokuwapo wakaimba, nami nikanasa wimbo wao katika kadi ile ile.

Masimulizi yalikuwa yametoweka. Nikajisemea, nitarudi. Niliporudi baada ya mavuno ya kahawa, nikakuta mzee amekwisha fariki. Mjukuu wake aliniomba ile sauti ya babu yake. Sikuwa na cha kumpa.

Kosa lilikuwa wapi? Kadi ina orodha yake, mfano wa daftari la mahudhurio la mwalimu. Umeme ukikatika kabla chombo hakijamaliza kuandika, orodha huharibika. Lakini daftari likipotea, wanafunzi hawafi. Aghalabu sauti zenyewe zingalimo. Hata kufomati, mara nyingi hufuta orodha tu. Kinachoua sauti ni kunasa nyingine juu yake. Laiti ningaliitoa kadi ile na kuifunga katika karatasi, fundi mwenye kompyuta na programu ya kurudishia mafaili angaliweza kujaribu kuiokoa. Wimbo wa akina mama ndio uliokaa juu ya maneno ya mzee.

Mambo ya kufanya

Basi sikilizeni vizuri, na mwalimu ayaandike ubaoni.

Kwanza, chombo kikikataa kunasa, tazama ubavuni mwa kadi ya SD. Pana kitufe kidogo cha kusogeza. Kazi yake ni ile ile ya vijino vya kaseti. Kikiwa upande wa kufunga, kirudishe.

Pili, jua ukubwa wa kadi ambayo chombo chako chakubali. Vinasa sauti vya kale husoma kadi zisizozidi GB 2. Vilivyofuata, baada ya mwaka 2006, husoma hadi GB 32. Ukitia kadi kubwa zaidi ya hapo, huenda chombo kikasema hakuna kadi. Kadi si mbovu. Haikuumbiwa chombo hicho.

Tatu, fanya hesabu. Sauti safi isiyobanwa hula kama MB 10 kwa dakika moja. Kwa hiyo GB 2 zatosha saa tatu hivi, na GB 32 saa hamsini hivi.

Nne, jihadhari na kadi za bandia. Juu imeandikwa 64, kumbe ndani ni 8. Kadi kama hiyo hupokea kila kitu bila kulalamika, kisha hupoteza kilichozidi. Ukinunua mpya, ijaze kwanza mambo yasiyo na thamani, kisha uyafungue yote.

Tano, usiitoe kadi wakati taa ya chombo inamweka. Vumbi likiingia, pangusa sehemu ya madini kwa kitambaa kikavu na safi.

Sita, betri mpya kabla ya kuanza. Nasa dakika moja, isikilize, ndipo umwombe mzee aendelee.

Saba, faili likipotea, acha kunasa mara moja. Toa kadi. Usifomati.

Nane, nalo ni kubwa kuliko yote: siku ile ile, toa nakala mbili. Moja kwenye kompyuta, nyingine mahali pengine, mbali na ya kwanza. Na ya tatu mpe mwenye sauti, au watoto wake, hata kama ni katika simu tu. Zikiisha kuhakikiwa, hapo ndipo kadi ifomatiwe, nako kufomati kufanyike ndani ya kinasa sauti chenyewe.

Hapo, ndugu zangu, tumerudi tulikoanzia. Watu wa Karagwe hawakuweka habari za wafalme wao katika kinywa kimoja. Nta ilikuwa na ukungu wake, utepe ulikuwa na kufutwa kwake, na kadi ina orodha yake ya kuharibika. Katika zama zote, sauti iliyosalia aghalabu ni ile iliyokuwa mahali pengi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini habari za kale za Karagwe hazikupotea ingawa hazikuandikwa?
2. Vijino vya kaseti na kitufe cha kadi vyafanana kwa jambo gani?
3. Chombo kinakuuliza kama ufomati kadi yenye masimulizi ya mzee. Utafanya nini?
4. Katika kijiji chenu, ni mzee yupi ambaye sauti yake haijanaswa bado? Nani atakwenda kwake juma hili?

Swali la nne lisijibiwe kwa kalamu tu. Kwaherini, hadi somo lijalo.